Land Rover ya shemeji na Cruiser yangu: nani atamvuta nani?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Babati, nalima mbaazi na alizeti Kiteto. Nimepata Land Cruiser hardtop, HZJ75 ya mwaka 1994 yenye injini ya 1HZ, mwenyewe anaiuza. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana Land Rover 110 ya 300Tdi, na tangu asikie habari hii hanipi nafasi ya kupumua. Anasema siku ya tope nitampigia simu aje anivute, na kwamba Cruiser ni gari la kupeleka wakubwa mkutanoni. Mwezi wa nne tumepanga kwenda Loliondo kwa njia ya Ziwa Natron, gari mbili. Niambie bila kunificha: kwenye njia mbovu gari lipi ni bora? Na nijiandae vipi kwa safari hiyo?"

Marahaba, ndugu yangu. Kama chesesi haijaliwa na kutu, na mwenye gari anaweza kukuonyesha mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, nunua. Wewe ni mkulima, unabeba magunia, na Babati hadi Kiteto fundi wa 1HZ humtafuti kwa tochi. Lakini shemeji yako hasemi uongo. Zipo sehemu ambazo 110 yake itapita na hardtop yako itasimama, na ni heri uzijue kabla hujatoa fedha, maana ukishazijua utaendesha vingine.

Nimeyashika magari haya mawili kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza gereji hapa Arusha, kisha nikifundisha madereva wa watalii. Nianze na haki ya shemeji.

Siku ukiyapata magari yote mawili pamoja, lala chini uyatazame. 110 ina springi za koili mbele na nyuma, na imekuwa hivyo tangu ilipotoka mwaka 1983. HZJ75 ina zile springi za vyuma bapa vilivyopangana kama vitabu, pande zote nne. Chuma bapa ni kigumu. Gari likiwa tupu, tairi likikuta shimo haliteremki sana kulifuata, linabaki linaning'inia. Sasa vuka korongo kwa mshazari: tairi la mbele kushoto linapanda, la nyuma kushoto linashuka, na yale mawili ya upande wa pili yanafanya kinyume chake. Mara unajikuta tairi moja la mbele na moja la nyuma, pembe kwa pembe, hayana uzito juu yake. Difu ya kawaida, ile sehemu ya katikati ya ekseli inayogawa nguvu kwa matairi mawili, hupeleka mzunguko kule kwenye wepesi. Kwa hiyo matairi mawili yaliyo hewani yanazunguka kama feni, mawili yaliyo ardhini yametulia, na wewe umekaa hapo na injini ya lita 4.2 inayonguruma bure. Mahali hapohapo koili za 110 zinaruhusu tairi lishuke zaidi, liguse udongo, na gari linajivuta taratibu hadi ng'ambo. Nimeliona hilo mara nyingi mno kuweza kulikataa.

Ila shemeji hakukwambia la pili. Pakia magunia. Springi bapa zikipata mzigo zinalainika, gari linakaa sawa, na hardtop inapita barabara ya mawe ikiwa na shehena bila kuyumba. Ndiyo maana vijijini, kwenye maziwa, mahindi na wagonjwa, Cruiser za aina hiyo zimetamalaki. Gari lako litakuwa na mzigo siku nyingi kuliko litakavyokuwa tupu.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kulipa. Baadhi ya Cruiser za 75 zilitoka kiwandani zikiwa na difu loki za umeme, yaani loki zinazofunga difu ili matairi ya pande zote mbili yazunguke pamoja. Tafuta kwenye dashibodi kitufe cha kuzungusha chenye picha ya ekseli. Kama kipo, nenda sehemu ya vumbi, weka lo, ile gia ya polepole yenye nguvu, washa loki ya nyuma, utazame kama taa inatulia au inapepesa tu. Mota zake hazipendi kukaa bila kazi. Gari likikaa miaka bila mtu kuzitumia, zinaganda. Kama inafanya kazi, lile korongo la mshazari nililoeleza juu halikupi tena shida, na shemeji itabidi atafute neno jingine.

Injini sitazimalizia karatasi. 1HZ ina silinda sita, haina tabo, inavuta polepole na haina haraka ya kufa. 300Tdi ni lita 2.5, silinda nne, ina tabo, inakula dizeli kidogo kuliko yako, na kwenye mzunguko mdogo inavuta vizuri kuliko umbo lake linavyoonyesha. Adui wa Tdi ni joto: silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na dereva anayepuuza mshale wa temprecha huilipia. Zote mbili zina mkanda wa taiming. Kwa 1HZ hesabu kilomita 100,000, na kama muuzaji hana uhakika, badilisha siku ya kwanza, usisubiri kuambiwa na injini. Kuhusu bodi, ya Land Rover ni aluminiamu na haishiki kutu kama bati, lakini chesesi yake ni chuma kama ya kwako. Asikudanganye kwa mng'ao wa milango.

Kuna kosa moja ambalo limekwamisha watu wengi kuliko tope lenyewe, nalo lina sura mbili, moja kwa kila gari.

Cruiser yako kwa kawaida inaendeshwa na matairi ya nyuma peke yake. Ukivuta gia ya fowili, propela ya mbele inazunguka, lakini kama habu za mbele, zile kofia za katikati ya tairi zinazozungushwa, hujazifunga kwa mkono, matairi ya mbele hayapati chochote. Nimewakuta madereva wamezama hadi ekseli, fowili imewekwa, lo imewekwa, na habu ziko wazi. Shuka uzifunge kabla ya kuingia, ukiwa bado na viatu vikavu. Mimi nawaambia wanafunzi: ukiona lami imeisha na wingu liko mbele, funga habu zako zote mbili na uendelee na safari. Habu zilizofungwa hazikudhuru maadamu hujavuta fowili kwenye lami.

110 ni tofauti. Matairi yote manne yanapata nguvu muda wote, kwa sababu kuna difu ya tatu katikati. Raha yake unaiona kwenye kokoto na mvua, gari linashika njia bila wewe kufanya lolote. Lakini difu hiyo ya katikati nayo ina tabia ileile ya kupeleka mzunguko kwenye wepesi. Usipoifunga, tairi moja tu likianza kuzunguka bure, gari zima linasimama. Mwaka 1998, mvua za El Niño zilipoharibu barabara zote huku kwetu, nilikuwa kwenye 110 iliyokwama kwenye mbuga ya udongo mweusi tangu asubuhi. Tulichimba, tulikata miti, tulisukuma. Jioni akaja mzee mmoja na Cruiser pikapu. Alituangalia, akaingiza mkono dirishani, akasukuma kushoto kile kirungu kinachofunga difu ya katikati, akasema, "Washa, lo, gia ya pili." Gari likatoka bila kamba. Yeye Land Rover hakuwa nayo, lakini aliijua kuliko sisi tuliokuwa tukijisifia. Tangu siku ile sijamfundisha dereva gari moja tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya kabla ya mwezi wa nne si kununua winchi. Mwombe shemeji akupe 110 asubuhi moja, na yeye umpe Cruiser. Kila mmoja ajue kirungu cha mwenzake kiko wapi, loki inafungwaje, ndoano za kuvutia ziko upande gani wa chesesi. Safari ya gari mbili yenye madereva wanaojua gari moja moja ni safari ya nusu.

Tuje kwenye matairi, maana ubishi wa Land Rover na Toyota mara nyingi huamuliwa na upepo. Wengi wenu mnatembea na 35 au 40 psi mwaka mzima, lami, mchanga na tope. Kwenye mchanga wa makorongo ya Engaruka na Engaresero teremsha hadi 20, hata 18 kama gari ni jepesi. Tairi linatanuka, linakanyaga kama mguu wa ngamia, na gari lililokuwa linachimba linaanza kuelea. Kwenye mawe ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa teremsha kidogo tu, ili tairi lijikunje juu ya jiwe badala ya kurushwa. Ukishateremsha, usizidi kilomita 40 kwa saa na usikate kona kwa nguvu, tairi litavuka rimu. Ndiyo maana pampu ya upepo ni lazima, na mimi naiweka juu ya winchi kwa umuhimu. Gari lililo na upepo sahihi halihitaji kuvutwa mara kwa mara.

Udongo mweusi ni habari nyingine. Ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji na umepasuka nyufa. Ukinyonya maji unavimba, unateleza juu na unanata chini, na katika mizunguko michache tairi lako la meno linageuka kuwa tairi laini. Hapo hakuna kusimama katikati. Tembea kwanza kwa miguu, chagua njia, kisha ingia kwa lo, gia ya pili au ya tatu, mwendo mmoja, mguu mmoja. Gia ya kwanza ina nguvu mno, itazungusha matairi hapo ulipo. Ukihisi gari linaanza kufa mwendo, tikisa usukani kushoto na kulia haraka haraka, ncha za matairi ya mbele zitafute ukuta mkavu wa kushika. Likisimama, toa mguu. Sekunde kumi za kuendelea kukanyaga mafuta ndizo zinazolaza difu juu ya tope, na difu ikishalala, hata gari liwe la nani, kazi imebaki ya jembe.

Kushuka ni rahisi kueleza na ni vigumu kutii: lo, gia ya kwanza, miguu yote miwili mbali na klachi na breki, injini ndiyo ishike gari. Likianza kuteleza, moyo utakuambia kanyaga breki. Wewe ongeza mafuta kidogo, matairi yazunguke sawa na mwendo wa gari, utapata tena usukani.

Maji nayo. Kiwanda kiliiandikia Defender, yaani gari kama 110 ya shemeji, nusu mita tu ya kina. Mkonga uliofungwa pembeni mwa boneti unalinda injini isivute maji, haulindi difu wala giaboksi. Difu iliyopata moto barabarani ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio chake. Ukirudi nyumbani fungua nati ya difu; oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, badilisha siku hiyohiyo. Hakuna kuingia mto ambao mtu hajautembea kwa miguu, na kama maji yana nguvu ya kumyumbisha mtu huyo, gari nalo lisubiri.

Sasa safari yenu. Kutoka Mto wa Mbu mtapita Selela, Engaruka, Engaresero chini ya Oldoinyo Lengai, kisha mtapanda ukingo kuelekea Sonjo, na hatimaye Loliondo. Mwezi wa nne ni masika, njia hiyo inaweza kuwa vumbi asubuhi na mto mchana. Kanuni ya gari mbili ni moja: magari mawili hayaingii pabaya kwa pamoja. Moja linavuka, jingine linasimama kwenye ardhi ngumu na injini inawaka. Nani atangulie? Sehemu za makorongo ya mshazari na mawe mwache shemeji atangulie, koili zake zitaonyesha njia. Sehemu za mchanga mrefu na kuvuta, wewe nenda, una uzito na lita 4.2. Si heshima kwa chapa hii au ile, ni kutumia kila gari pale lilipo na nguvu.

Kamba iwe ndefu, walau mita 20, ili anayevuta abaki pakavu. Ifunge kwenye ndoano za chesesi, kamwe si kwenye bampa, wala kwenye mpira wa kuvutia tela. Mpira ule ukikatika unaruka kama risasi na umewahi kuua watu sehemu nyingi duniani. Kabla ya kuvuta, chimba mbele ya matairi na chini ya difu, halafu watu wote wasogee mbali kuliko urefu wa kamba. Tupa koti au gunia katikati ya kamba ili liilemee ikikatika. Bebeni jeki ya Tanganyika, ubao mnene wa kuiwekea chini, jembe, panga, na maji ya kunywa mara mbili ya mnavyodhani.

Na hili mwambie shemeji kwa sauti ya upole, maana linamuuma: abebe hafu shafti, vile vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka difu hadi tairi. Hafu shafti za Land Rover zina historia ya kukatika pale dereva anaposhikilia mafuta huku tairi likirukaruka. Wewe beba mkanda wa feni, hozi za rejeta na filta mbili za dizeli. Mtaona kuwa mkitumia tairi za 7.50 R16, kama magari mengi ya aina hizi, tairi lenyewe mnaweza kuazimana, ila rimu hapana: 110 ina nati tano na 75 ina sita. Hivyo bebeni vyuma vya kufungulia tairi na tyubu, muweze kuhamisha tairi kutoka rimu hadi rimu porini. Hilo watu hulisahau, wanaona kuna spea mbili wakati kila gari lina moja tu.

Umeuliza lipi ni bora, na naona swali lenyewe limebeba ubishi wenu wa sebuleni, kwa hiyo niseme kidogo. Land Rover ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa nne 1948, na gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesesi ya jeep ya Kimarekani. Toyota wakatengeneza la kwao mwaka 1951, wakaliita Toyota Jeep BJ, na mwaka huohuo likapanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Land Cruiser lilikuja 1954, kwa sababu jina la Jeep lilikuwa na mwenyewe. Wametoka kwa babu mmoja, ndiyo maana wanagombana kama mabinamu. Kwetu Land Rover ilitangulia. Misitu, kilimo, hospitali za misheni, vyote viliiendesha. Mashindano ya porini ya Camel Trophy ya 1991 yalipita Tanzania hadi Burundi kwa magari ya Land Rover. Baadaye Cruiser ikachukua hifadhi, polisi na mashirika, na gereji za Arusha zikajifunza kuikata, kuirefusha na kuipa paa la kuinuka kwa ajili ya watalii. Hata hivyo Oktoba 2024 mji huu ulipojaa Land Rover kwa tamasha lao, niliona magari ya miaka ya sitini yakipanda barabara ya Moshi kwa injini zao wenyewe. Wenye Cruiser walisimama kando na simu zao wakipiga picha, na hakuna aliyecheka.

Kenya wana mashindano ya Rhino Charge, yalianza 1989 kuchangia uzio wa kulinda faru na msitu wa Aberdare. Gari linapewa saa kumi kufika vituo kumi na vitatu porini, na mshindi si wa mbio, ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote. Mwenye mwendo mkali hana faida yoyote. Mwenye kushuka garini, kutembea, kutazama jiwe, kurudi na kuchagua, huyo ndiye hupata. Napenda shindano hilo kwa sababu linapima kitu kilekile nilichoona kwa yule mzee wa pikapu.

Tena shemeji ni mtani wako kwa mila zetu, na mtani ana ruhusa ya kukusema, ila msiba ukitokea yeye ndiye anayefika mapema kushika jembe. Mwache aseme kuwa mwenye Cruiser hufungua boneti siku ya kuosha tu. Nawe mwambie kwamba mwenye Landi humjua fundi kuliko anavyomjua jirani. Mradi kabla ya kuondoka Mto wa Mbu mkubaliane mambo mawili bila utani: nani anaamua kugeuza, na kwamba akisema tugeuze, hakuna kubisha.

Mvua ikinyesha usiku juu kule Sonjo, makorongo ya chini yatashuka na maji asubuhi hata kama mlipo jua linawaka. Mkiyakuta yamejaa, zimeni injini. Mengi hupungua ndani ya saa chache. Chomekeni kijiti pembeni mwa maji muone yanavyoshuka, wekeni chai jikoni, na hapo ndipo shemeji anaweza kuanza tena habari za Cruiser na wakubwa.